Hilux imeinuliwa, jeki ya zamani haifiki: ninunue hai-lifti ama ya chupa?

Swali la msomaji kutoka Ongata Rongai: "Fundi, niko na Hilux dabo kabini, four-by-four, automatiki. Mwaka huu niliiweka lifti kit ya inchi 2 na tairi za 285/75 R16. Juzi nikitoka Suswa nilipata pancha ya nyuma, jeki iliyokuja na gari ikakataa kufika, wachungaji wakanisaidia kwa mawe na mbao. Sasa kila mtu ananiambia ninunue hai-lifti, ile jeki ndefu ya reli. Mara nyingi niko peke yangu na watoto wawili. Ninunue jeki gani na niitumieje nisijiumize?"

Dadangu, pole na hongera kwa kufika nyumbani, lakini kabla hujatoa pesa naomba nikuulize kitu: hiyo jeki ilipokataa kufika, ulikuwa umeiweka wapi? Nikisoma swali lako naona kama uliiweka chini ya chesisi, ama pale pembeni karibu na saidi stepu, na kama ni hivyo basi nusu ya shida yako haihitaji jeki mpya.

Angalia hivi. Lifti kit inakaa kati ya magurudumu na chesisi, kwa hivyo kinachopanda ni chesisi na kila kitu kilicho juu yake, bodi, kabini, bampa. Ekseli ya nyuma haijui kama umeweka lifti, yenyewe inafuata kimo cha tairi tu. Tairi za 265/65 R17 ambazo Hilux nyingi huja nazo zina kimo cha kama sentimita 78, hizi zako mpya ni kama 83, ekseli iko katikati kwa hivyo imepanda nusu ya hiyo tofauti, hata sentimita 3 haifiki. Lakini chesisi imepanda zile inchi mbili PLUS hizo za tairi, jumla karibu sentimita 8. Na hapo bado hujaanza kupampu! Ukiinua kwa chesisi gurudumu halitoki chini mara moja, springi inanyooka kwanza, gurudumu linabaki linaning'inia pale pale chini na wewe unaendelea tu kuzungusha, na watu wakiweka lifti kit huwa wanaweka na shoki ndefu, kwa hivyo linaning'inia zaidi kuliko zamani. Ndio maana unaona gari imepanda juu imeinama upande mmoja na tairi bado imekanyaga ardhi. Hiyo ni hatari na pia ni kazi ya bure.

Kwa hivyo nyuma, weka jeki chini ya bomba la ekseli, karibu na springi ya ule upande wenye pancha. Usiweke katikati kwa difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli) ukitaka kubadilisha tairi moja, gari itasimama kwa ncha moja na itayumba. Ukiinua ekseli kila sentimita unayopampu ni sentimita gurudumu limepanda, unahitaji chache tu na chesisi inainama kidogo sana.

Mbele ni hadithi nyingine kwa sababu Hilux yako mbele haina ekseli ya kipande kimoja, kila gurudumu linajitegemea na mikono yake. Toyota wanaonyesha kwa kitabu cha gari mahali pa kuweka jeki mbele, ni kwa chesisi nyuma ya gurudumu, na hapo ndipo lifti kit inakuuma kweli, utahitaji jeki inayopanda juu zaidi ama kipande cha mbao ngumu chini yake. Kuna mafundi wanaweka kwa mkono wa chini wa saspensheni, karibu na bol joint, pale mkono unaposhikana na gurudumu, inafanya kazi na inainua haraka, lakini huo mkono umelala mteremko na kichwa cha jeki ya chupa ni kadogo na ni chuma tupu, chuma juu ya chuma kwa mteremko kinateleza. Kama huna kichwa chenye mfereji wa kushika, achana nayo.

Sasa ununue gani. Kwa pancha, wewe ukiwa peke yako, nunua jeki ya chupa ya oili, ile ya kupampu, na uchague yenye hatua mbili yaani ikimaliza mti wa kwanza (ile fimbo inayopanda) kuna mwingine unatoka ndani yake. Sababu ni vipimo. Jumamosi moja gari ikiwa nyumbani kwa simiti, toa upepo tairi moja ya nyuma mpaka ilale kabisa (kama una kompresa, kama huna tafadhali usijaribu, utanitukana), chukua tepu upime kutoka chini mpaka chini ya bomba la ekseli. Hicho ndicho kimo ambacho jeki lazima ipite ikiwa imelala. Jaza upepo, pima tena, ongeza sentimita kama 5 za tairi mpya kuingia vizuri, hicho ndicho kimo lazima ifike. Kwa tairi zako nakadiria utapata kama sentimita 22 tairi ikiwa imekufa na kama 42 au 43 ya juu. Jeki nyingi za chupa za hatua moja ziko kati ya 20 na 40 hivi, unaona vile inakosea kidogo tu, hiyo kidogo ndiyo itakuweka barabarani usiku. Na ukiweka ubao chini, unene wa ubao unahesabika pia, unakusaidia juu na kukunyima chini. Ikifika mahali jeki haipiti chini ya ekseli kwa sababu tairi imelala, usianze kuchimba, weka ubao ama jiwe bapa mbele ya tairi yenye pancha, ipandishe polepole, umepata nafasi.

Kuhusu tani: Hilux yako ni kama tani 2 ikiwa tupu, ukijaza watu na mizigo inasonga karibu na tani 3, na kona moja haibebi hata tani moja. Kwa karatasi jeki ya tani 2 inatosha. Mimi nakwambia chukua ya tani 4 ama 6, kwa sababu ina kitako kipana na mti mnene, na pia kwa sababu stika za Kirinyaga Road huwa na ukarimu mwingi kuliko chuma chenyewe. Lakini usipande mpaka zile za tani 20 za malori eti ndio salama, ni nzito na hata ikiwa imelala ni ndefu, tairi ikifa haipiti. Dukani usikubali kufungiwa kwa boksi tu. Angalia alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, pangusa shingo ya mti kwa kidole uone kama kuna oili inatoka, halafu waambie wainulie gari lolote limepaki hapo nje, uliache dakika kumi. Ikishuka hata kidogo bila kuguswa, sili zimekufa, rudisha. Muuzaji akikataa kujaribu nenda duka la pili, hapo mtaani yako mengi.

Hai-lifti sasa, kwa sababu najua hii ndio imekuleta. Siichukii. Ni chombo kizuri sana, kilianza kutengenezwa 1905 huko Bloomfield, Indiana, Marekani, na mpaka leo umbo lake halijabadilika sana, reli ndefu yenye matundu, kitako, ulimi unaopanda na mkono wa kupampu. Kazi yake hasa ni pale umekwama. Umeingia blakotoni (ule udongo mweusi unaonata) ya Kitengela mvua imenyesha, gari imekalia tumbo, unainua kona moja juu juu, unajaza mawe na matawi chini ya tairi, unashusha, unaenda kona ya pili. Ama umekwama katikati ya mawe ya lava na hakuna mahali pa kuingiza jeki chini. Ya inchi 48 inakupandisha kimo ambacho hakuna jeki ya chupa itakufikisha. Hapo haina mpinzani.

Lakini inahitaji mahali pa kushika, na mahali penyewe ni bampa ya chuma iliyofungwa kwa chesisi ama slaida za chuma za pembeni. Gari lako lina bampa ya plastiki mbele, na saidi stepu zile za kupandia zimefungwa na brakiti nyembamba za kubeba mtu, si gari. Ukiweka ulimi wa hai-lifti hapo itakunja stepu, itapanda kwa mlango, itavunja kioo, na gari bado liko chini. Kuna ndoano na mikanda ya kushika rimu yenyewe ili uinue gurudumu moja kwa moja, hiyo ni nzuri ya kutoka matopeni, lakini huwezi kubadilisha tairi ambayo imeshikwa na jeki, si ndio? Kwa hivyo anayekwambia nunua hai-lifti anakwambia nunua bampa kwanza, na hakukutajia hiyo bei.

Halafu inauma. Nieleze vizuri kwa sababu hapa ndipo watu wanavunjika taya. Wakati wa kupandisha, uzito wa gari unakaa kwa pini mbili zinazopokezana kwa matundu. Wakati wa kushusha unageuza kale kalatchi ka kuchagua kupanda ama kushuka, sasa kila ukishusha hatua moja uzito wa gari unausukuma mkono JUU kwa nguvu. Ukiwa umeshika vizuri unaumudu, lakini mkono ukikuponyoka unaanza kupiga wenyewe juu chini juu chini kama cherehani iliyopandwa na mashetani mpaka gari ifike chini. Ukiona hivyo usijaribu kuudaka, ruka nyuma uache gari ianguke. Gari inatengenezwa. Na hata wakati wa kupandisha kama pini haijaingia sawasawa kwa tundu kwa sababu ya vumbi, mkono unarudi na nguvu zote. Kwa hivyo kichwa chako hakikai kati ya mkono na reli hata sekunde moja, unasimama pembeni, mikono miwili, unasikiliza ule mlio wa pini kuingia kabla hujalegeza, na ukitaka kupumzika unausimamisha mkono wima ushikane na reli. Usiwahi kuuacha ukiwa umelala nje kama tawi ati uende uchukue jiwe. Na hako kalatchi unakageuza tu mkono ukiwa wima umeshikana na reli.

Pia ukumbuke bila uzito haishuki hatua kwa hatua, inadondoka. Watu wanaijaribu kwa sebule bila gari, wanageuza latchi, ulimi unaanguka kwa vidole vya miguu.

Kitu kingine, kitako chake ni kidogo, na kadiri gari linavyopanda linazunguka kwa upande ule mwingine, kwa hivyo reli inaanza kuinama. Ukiona imeinama shusha uanze tena, usiseme "inatosha". Na kwa sababu unashika bodi, ile shida ya springi kunyooka iko pale pale, ndio maana wanaojua hufunga ekseli na chesisi kwa mkanda wa racheti kabla ya kuinua, gurudumu linapanda pamoja na gari. Kuna mchezo wa kuinua gari kwa hai-lifti halafu kulisukuma lianguke pembeni litoke kwa mfereji. Utauona kwa video. Usifanye, hasa na watoto wakiwa hapo.

Ukitazama Rhino Charge, yale mashindano ya magari ya four-by-four porini yanayofanyika tangu 1989 kuchangisha pesa za Rhino Ark, shirika la uhifadhi, utaona hizi vitu zikifanya maajabu, lakini angalia vizuri ni magari gani, bampa gani, na wako watu wangapi kwa timu. Wewe ni mmoja.

Sasa kutumia. Mambo ya jeki yanaanza kabla jeki haijatoka. Tafuta mahali tambarare na pagumu, hata kama ni kutembeza tairi imelala mita mia tatu. Tairi na rimu zinauzwa. Kama ni Southern Bypass usiku au Mombasa Road yenye malori, tambaa polepole na hazadi mpaka petroli steshoni ama penye taa na watu, usibadilishe tairi ya upande wa barabara lori zikikupitia mgongoni. Weka laifseva mbali, zile pembetatu, si nusu mita nyuma ya bampa vile watu huweka kuonyesha polisi.

Watoto watoke nje ya gari, wakae pembeni mbali na barabara, wasikae nyuma ya gari wala mbele yake. Mkubwa mpe kazi ya kushika nati zote kwa kofia, anatulia na nati hazipotei.

Kuzuia gari lisitembee, hapa watu wengi wanajidanganya. Weka P, vuta hendibreki, ndio, lakini P inashika shafti, haishiki gurudumu. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, difu inaruhusu lile lililo hewani kuzunguka na lile lililo chini nalo linazunguka upande wa pili, na gari linatembea na P yake. Hendibreki ya Hilux inashika magurudumu yote mawili ya nyuma kwa hivyo lile moja lililobaki chini linasaidia, lakini nani amekagua hendibreki yako lini? Kwa hivyo weka four-by-four, H4, sogea kidogo uhakikishe imeshika, ndio uweke P. Hapo mbele na nyuma zimefungwa pamoja na magurudumu ya mbele yanashikilia. Wenye Land Cruiser za zamani zenye friwili za kuzungusha kwa mkono pale kwa magurudumu ya mbele lazima wazizungushe mpaka LOCK, vinginevyo hiyo H4 haifanyi kitu. Na wenye leva ya transfa, ile ya kuchagua four-by-four, waangalie isikae N, ikikaa N hata gia haishiki. Wenzetu wa Land Rover Defender za zamani nao hendibreki yao iko kwa shafti ya nyuma, siyo kwa magurudumu, kwa hivyo wakiinua gurudumu la nyuma bila kufunga difu ya katikati wameinua breki yao yenyewe. (Kama una jirani wa Land Cruiser ya saspensheni inayopanda na kushuka yenyewe, mwambie aizime kwanza, isije ikaanza kujirekebisha ikiwa juu ya jeki.) Baada ya hayo yote, bado weka mawe, ukiinua nyuma funga mawe mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele, na ukiinua mbele funga ya nyuma.

Toa spea kabla ya kuinua, yako iko chini ya bodi ya nyuma na kuivuta inatingisha gari. Na kwa vile uliweka tairi kubwa, hebu chungulia leo kama hiyo spea ni saizi moja na zingine ama bado ni ile ndogo ya zamani. Legeza nati zote nusu mzunguko gurudumu likiwa bado chini. Chini ya jeki weka ubao, plaiwudi nene ama mbao ngumu kama futi moja kwa futi moja, kwa sababu vumbi la Suswa linaonekana gumu juu lakini jeki inazama ndani yake, na blakotoni ikiwa na maji ndio kabisa. Pampu kidogo, simama, angalia jeki imesimama wima, tingisha gari kwa mkono. Likitingika vibaya ni afadhali lianguke sentimita mbili kuliko thelathini. Endelea. Gurudumu likiachana tu na ardhi, sukuma spea ilale chini ya chesisi karibu na jeki, jeki ikikataa gari litaangukia tairi badala ya mguu wako. Ukitoa ile yenye pancha, iingize pale chini, ndio uchukue spea uifunge. Nati funga kwa msalaba, shusha gari kwa kufungua valvu polepole sana, kaza tena, na ukifika kama kilomita 50 mbele simama ukaze tena.

Na kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hapana. Hata kidogo, hata kichwa tu kutafuta nati. Kazi ya chini ni ya stendi za chuma za kushikilia gari, mbili, kwa simiti. Mawe ya Ndarugo, yale ya kujengea, usiyaite stendi, jiwe likibebeshwa uzito wa gari kwa ncha moja linaweza kupasuka bila kukuonya.

Jeki ya troli, ile ya magurudumu, iweke nyumbani. Ni tamu kwa simiti lakini mkono wake ukipanda unachora duara, kwa hivyo jeki lazima ijisogeze kufuata gari, na kwa mchanga haiwezi, inalivuta gari pembeni. Ile ya puto ya moshi wa egzosti ni nzuri kwa mchanga na matope kwa sababu kitako chake ni kipana, lakini inataka egzosti isiyovuja na chini pasiwe na miiba wala kitu cha moto, na sisi miba tunayo ya kutosha.

Kutunza: jeki ya chupa isafiri imesimama, valvu imefungwa, ikilala ovyo inaingiza hewa na siku ya shida inapampu bila kupanda. Oili yake ikipungua weka oili ya jeki, usiweke breki fluidi, inakula sili. Hai-lifti kama utainunua siku moja, osha vumbi kwa dizeli kidogo na upake oili nyepesi, grisi hapana, grisi inakusanya mchanga pale pale pini zinapoingia. Na ifungwe kwa boliti nyuma kwenye bodi, ni chuma cha kama kilo 13, haikai ndani ya kabini nyuma ya viti vya watoto.

Ile jeki ya zamani ya Toyota usiiuze. Ni ya skrubu, haina oili ya kuvuja, inaweza kukaa nyuma ya kiti miaka na bado ifanye kazi. Nenda kwa seremala hapo Rongai akukatie kipande cha mbao ngumu, unene wa sentimita 5, kipana kuliko kitako chake, uiweke nayo pamoja. Ukiiweka chini ya ekseli badala ya chesisi utakuta inafika, na hiyo ndiyo spea ya jeki yako mpya.